Miche Elfu Moja, Mama Watano: Kisa cha Mikwaju ya Nyakach ya Chini

Usuli

Nyakach ya Chini, kaunti ya Kisumu, iko chini ya mwinuko wa Nyabondo. Mvua inayonyesha kule juu hufika huku kwa sura ya mafuriko, hupita, na kuacha udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Makorongo hula mashamba mwaka baada ya mwaka. Mahindi hapa ni bahati nasibu. Mti ambao haujawahi kuwaangusha watu ni mkwaju, chwaa kwa Dholuo. Watoto huumung'unya, akina mama huutia kwenye uji ili uchachuke, na gunia likijaa hupelekwa soko la Kibuye, mjini Kisumu, kwa wauza juisi.

Lakini mikwaju hiyo haikupandwa na mtu. Imejiotea yenyewe, mingi ikiwa na umri kuwapita wazee wanaopumzika kivulini mwake. Na kwa kuwa mkaa wake ni mzuri, karo ya shule ikikaribia shoka husikika.

Kikundi ninachokisimulia kilikuwa na wanachama 23, wengi wao akina mama, pamoja na vijana wachache waliokwisha jifunza kubebesha miembe, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja juu ya mche wa mwingine. Lengo lao lilikuwa kupanda mikwaju pembezoni mwa makorongo, na papo hapo kupata miti inayozaa mapema kuliko ile ya porini. Mimi nilikuwa mshauri wao wa kitalu tangu 2016 hadi 2023, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayofuata ni yangu. Kijiji, majina na alama za kuwatambulisha watu nimeziondoa.

Kulikuwa pia na mfadhili. Alitoa viriba (mifuko ya kuoteshea miche), waya wa ua na fomu ya ripoti. Fomu iliuliza maswali mawili: miche mingapi imepandwa, na mingapi bado hai. Yakumbuke maswali hayo.

Mbegu zilivyopatikana

Msimu wa kwanza tulitaka miche 1,000. Njia ya mkato ikajitokeza yenyewe: muuza juisi mmoja alikuwa na debe zima la mbegu za ukwaju, akatupa bure. Tulizipanda kwa shangwe. Haikuota hata moja. Ilituchukua majuma matatu kukumbuka kwamba ukwaju wa juisi huchemshwa kwanza.

Tukarudi kwenye miti. Mbegu ya mkwaju haina masharti mengi: ikiondolewa nyama yake, ikaoshwa na kulowekwa usiku kucha, huota vizuri, na ukiikwaruza ganda huota kwa haraka zaidi. Tatizo halikuwa kuota bali kukusanya. Mti uliokuwa kando ya barabara karibu na shule ulikuwa na matawi ya chini na maganda tele, na watoto walikuwa tayari kuyaokota kwa malipo ya mandazi. Miti mingine minne ilikuwa mbali au mirefu. Tulipofunga hesabu, miche 600 ilitoka kwenye mti wa shule, na miche 100 kwenye kila mmoja wa ile minne.

Hesabu hii sikuiandika wakati ule. Niliijenga upya miaka sita baadaye kwa kuwauliza waliokusanya, maana daftari la kitalu lilikuwa na safu za tarehe, idadi ya viriba na waliofika kazini. Safu ya mti mama, yaani mti mbegu zilikotoka, haikuwepo.

Kubebesha: mara ya kwanza na mara ya pili

Mkwaju uliotokana na mbegu unaweza kukaa miaka saba, kumi au zaidi bila kuzaa. Mkulima wa Nyakach hana subira hiyo, na simlaumu. Mti uliobebeshwa kwa kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti mzima unaozaa, huweza kuanza kutoa maganda baada ya miaka mitatu au minne, kwa sababu kikonyo hakianzi utoto upya. Kinaendeleza umri wa mti kilikokatwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kubebesha. Ya pili ni kwamba unapata mti uleule, nakala halisi. Wakati ule tuliihesabu sababu ya pili kama faida tupu.

Mwaka 2017 vijana walibebesha miche 60. Iliyoshika ilikuwa 11. Sababu hazikufichika. Vikonyo vilikatwa saa sita mchana, vikafungwa nyuma ya bodaboda bila kufunikwa, vikasafiri juani kama kuni. Tena vilikatwa mti ukiwa na majani kamili, macho yake, yaani machipukizi, yamelala.

Mara ya pili tulibadilisha karibu kila kitu. Siku kumi hivi kabla ya kukata, kijana mmoja alipanda mtini na kuondoa majani kwenye ncha za matawi yaliyochaguliwa, akiacha vijiti vidogo vinavyoshika majani. Macho yakaanza kuvimba. Tulikata alfajiri, tukavifunga vikonyo kwenye gazeti lenye unyevu na kuvizungushia maganda ya mgomba, na kufikia saa nne asubuhi vyote vilikuwa vimefungwa kwenye miche yenye unene wa penseli. Tulitumia mkato wa kabari: shina linapasuliwa katikati, kikonyo kinachongwa pande mbili na kuingizwa, kisha utepe wa nailoni unakazwa hadi hewa isipite. Kati ya miche 120, 80 ilishika. Wale vijana walitembea vifua mbele mwezi mzima, na walistahili.

Mwanachama mmoja alijaribu njia nyingine, ya kuchuna ganda la tawi likiwa bado mtini, kulizungushia udongo wenye unyevu na kungoja mizizi. Matawi machache yalitoa mizizi. Lakini mti wa namna hiyo hauna mzizi mkuu wa kwenda chini, na mahali ambapo maji yako mbali kiangazi, mzizi mkuu ndio uhai. Mmoja wa miti yake uling'olewa na upepo ukiwa na urefu wa mtu. Hatukuiendeleza njia hiyo.

Mti wa nyuma ya boma

Sasa nifike kwenye uamuzi uliozaa kisa chenyewe. Vikonyo vyote, vya mara ya kwanza na ya pili, vilitoka kwenye mti mmoja.

Tuliuchagua kwa makini, au ndivyo tulivyojiambia. Kila mwanachama alileta maganda kutoka kwenye mti anaousifu, tukayapima 20 ya kila mti kwa mizani ya jikoni. Mti mmoja uliishinda yote kwa uzito wa maganda na wingi wa nyama. Ulisimama nyuma ya boma la ng'ombe, kwenye mteremko ambako maji ya mvua yalituama. Hoja yetu ilikuwa hivi: tunao mti bora, tunayo njia ya kutoa nakala zake, kwa nini tuchanganye na miti dhaifu?

Mama mmoja mzee, ambaye kijiji kizima kilimwita Dani, yaani bibi, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Nyakwara (mjukuu wangu), huo mti umenenepa kwa mavi ya ng'ombe. Unyimeni muone."

Nilimjibu kwa heshima, "Sawa, Dani," nikaendelea na mpango wangu. Nilikuwa nimeona mizani.

Miche iliyobebeshwa ilikuwa 91. Tuliipanda 60 pamoja kwenye shamba la mfano, juu kidogo, mahali penye changarawe ambapo gari la wageni lingeweza kufika. Ile 31 iliyobaki iligawiwa wanachama, mmoja mmoja au miwili miwili, wakaipanda karibu na nyumba zao.

Maua mengi, maganda machache

Mwaka 2020 miti michache ya shamba la mfano ilichanua. Mwaka uliofuata karibu yote ilichanua, na ilipendeza: vishada vya manjano vyenye mistari myekundu, nyuki wakivuma. Maganda yaliyofuata yangeingia kwenye kikapu kimoja. Hayo machache yalikuwa madogo kuliko ya mti mama.

Wanachama waliopanda mti mmoja nyumbani hawakuwa na malalamiko. Miti yao ilikuwa na maganda ya kutosha kwa umri wake. Hapo ndipo kikao kilipochafuka kidogo, kwa kuwa wenye zamu za kulitunza shamba la mfano waliona wamepewa miche mibovu.

Tulikuwa na dhana nne mezani. Ya kwanza, miti bado michanga, na mti mchanga huangusha maua. Ya pili, mkwaju una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka mwingine. Ya tatu, nyuki wamepungua kwa sababu ya dawa zinazopulizwa kwenye nyanya za jirani. Ya nne ilikuwa yangu, na niliitoa nikijua inanirudia mwenyewe: miti yote 60 ni mti mmoja. Ua la mkwaju lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, lakini mti huu hutegemea sana chavua ya mti mwingine. Nyuki akitoka mti wa kwanza kwenda wa thelathini, katika shamba lile alikuwa hajatoka nyumbani. Na waliopanda karibu na nyumba walikuwa na mikwaju ya porini jirani.

Dhana mbili za kwanza hazikueleza kwa nini miti ya nyumbani, yenye umri uleule, ilizaa. Ya tatu na ya nne zilihitaji jaribio. Mwaka 2022 tulichagua matawi 30 yenye machipukizi ya maua, tukayafunika 20 kwa vitambaa vya chandarua. Kumi kati ya hayo tuliyapaka, kwa brashi ya rangi ya mtoto wa shule, chavua ya mkwaju wa porini kutoka zaidi ya kilomita moja. Kumi mengine tuliyapaka chavua ya miti ya shamba lilelile. Kumi ya mwisho tuliyaacha wazi kwa nyuki.

Chavua ya nje iliweka maganda kwenye matawi tisa. Chavua ya nyumbani, kwenye mawili. Yaliyoachwa wazi, matatu. Jaribio ni dogo na mti mmoja mmoja una hila zake, lakini lilitosha kuamua la kufanya. Kama tatizo lingekuwa uhaba wa nyuki peke yake, kumi ya chavua ya nyumbani yangezaa sawa na yale ya chavua ya nje, maana mkono wetu ndio uliokuwa nyuki.

Tulifanya nini

Palitokea pendekezo la kuing'oa miti na kuanza upya. Lilikataliwa upesi, miaka mitano ya kubeba maji kwa punda haing'olewi kirahisi. Badala yake, mwanzoni mwa mvua za 2023, tulibebesha tawi moja kwenye kila mti wa tatu, kwa vikonyo kutoka miti mingine. Mti ukabaki vile ulivyo, ila una tawi la kigeni lenye chavua ya kigeni. Tulitumia vikonyo vya miti mama saba, na safari hii kila tawi lilifungiwa kibati chenye namba.

Pendekezo la pili lilihusu maabara. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akitusaidia kupima maganda alitaka tukusanye majani, tuyakaushe, tupime alama za DNA ili tujue utofauti wa kijenetiki wa mikwaju ya bonde. Wazo ni zuri, na kwa mtafiti lingekuwa la lazima. Kwa kikundi nilishauri dhidi yake, na bado naona nilikuwa sahihi kwa sababu mbili. Alama hizo huonyesha undugu, lakini haziwezi kukuambia ganda lipi lina nyama nyingi. Na undugu wenyewe tungeweza kuukadiria kwa daftari na kalamu, kama tu tungekuwa tumeandika.

Hesabu ni hii. Ukichukua mbegu kutoka mti mmoja, hata ziwe elfu, hata kila moja iwe na baba wake, zote zina mama mmoja. Urithi unaobebwa na kundi hilo haupiti ule wa miti minne isiyo na undugu. Vikonyo vya mti mmoja, hata viwe milioni, ni mti mmoja. Miti mama ikiwa mingi lakini migao yake haiko sawa, chukua mgao wa kila mama, uzidishe kwa wenyewe, jumlisha yote, kisha gawanya moja kwa jumla hiyo. Kwetu ilikuwa 0.6 mara 0.6, yaani 0.36, kisha 0.01 mara nne, jumla 0.40. Moja gawanya kwa 0.40 ni 2.5. Mama wetu watano walikuwa mama wawili na nusu. Zidisha kwa nne: miche 1,000 ilibeba urithi wa miti 10 kwa makadirio ya juu kabisa. Mama haohao watano wangetoa miche 200 kila mmoja, ingekuwa 20, bila gharama ya ziada isipokuwa mandazi. Kanuni ya wakusanyaji mbegu ni miti mama isiyopungua 30, iliyoachana angalau mita 50 hadi 100 ili isiwe ndugu wa damu. Kwa mgao sawa, hao wangekupa 120.

Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni chini ya mwembe, kijana mmoja wa kitalu aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa hiyo mashina tuliyobebesha juu yake nayo yalitoka wapi?" Yalitoka kwenye zile mbegu 600. Juu mti mmoja, chini watoto wa mti mmoja.

Uchambuzi

Ufundi wa kubebesha ulifaulu, na ulifaulu kwa sababu kushindwa kwa kwanza kulichunguzwa hatua kwa hatua badala ya kulaumiwa mkono wa mtu. Kuondoa majani mapema, kukata alfajiri na kulinda unyevu ni mambo ambayo kitalu chochote cha nchi kavu kinaweza kuyafanya bila mashine. Kuanzisha shamba la nakala pia si kosa. Thailand wana mikwaju mitamu inayoenezwa kwa njia hiyohiyo, na hakuna mkulima anayewacheka.

Kosa lilianza kwenye kupima. Tulilinganisha maganda ya miti iliyokuwa mahali tofauti, tukaupa mti sifa ya boma. Uzito wa ganda ni zao la urithi na mazingira kwa pamoja, na mizani ya jikoni haitenganishi viwili hivyo. Dani alivitenganisha kwa sentensi moja, kwa kuwa aliuona mti huo kabla boma halijajengwa na baada yake. Ningekuwa na masikio, ningemuuliza miti mingine ilizaaje mwaka wa ukame, mti gani haukuwahi kukosa, na upi ulikuwa mtamu kabla ya ng'ombe. Maswali hayo ni tathmini ya miaka hamsini, na yalikuwa ya bure.

Njia sahihi ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Tungechukua vikonyo vya miti minane inayosifiwa, tukavibebesha kwenye mashina ya mchanganyiko, tukapanda kwa kuchanganya katika shamba moja, kila mti mama ukiwa na nakala zake kwenye kona zote. Udongo ukiwa mmoja na mvua ikiwa moja, tofauti inayobaki kati ya nakala ina asili yake mtini. Shamba hilohilo lingekuwa jaribio, lingechavushana lenyewe, na lingebaki hifadhi ya miti minane endapo shoka lingeifikia miti mama. Limewahi kuifikia: mti wa shule ulikatwa mwaka 2021.

Fomu ya mfadhili nayo ina sehemu yake, ingawa haikumlazimisha mtu kukosea. Ukiulizwa miche mingapi, utatafuta mti wenye matawi ya chini. Kama kungekuwa na swali la tatu, la miti mama mingapi, tungetembea hadi ile miti ya mbali kabla ya kulazimishwa na maua yaliyopukutika.

Jambo moja nililiacha wazi hadi nilipoondoka, nalo linahusu maganda madogo. Kwa kuwa shamba la mfano lilikosa chavua nzuri, na pia lilikuwa kavu, sikuweza kusema ni kipi kilichoyapunguza. Miti ya nyumbani ingesaidia kulijibu, lakini mingi ilipandwa karibu na maji ya kuoshea vyombo. Kikundi kimeamua kupima tena, maganda 20 kwa kila mti, msimu ambao yale matawi ya kigeni yatachanua. Daftari jipya lina safu ya mti mama, na safu nyingine ambayo Dani ndiye aliyeidai: umbali wa mti kutoka kwa ng'ombe, kwa hatua.